Amondi, Hukwenda Ushago

Ni mwaka mmoja sasa tangu ufe, Amondi.

Githinji, kijana wa duka la kompyuta pale chini anayetupigia chapa haya maneno, alisimamisha vidole alipofika hapo. Akainua kichwa. "Mathe, tuweke 'tangu utuache'. Ama 'tangu uitwe na Muumba'. Hii ya 'ufe' inakaa kama matusi. Watu watadhani mlikosana na marehemu."

Dadako Phelister alikuwa ameegemea kaunta, kitana kikiwa bado kimechomekwa kichwani mwake. "Githinji, umeitwa uchape ama uhubiri? Andika nilivyosema."

"Nimeandika. Lakini ukiulizwa, mimi sikuwepo."

Basi ijulikane kwamba Githinji hakuwepo. Neno ni letu sisi, jamaa zako. Wanaokujua watafahamu kwa nini limekaa hapo juu wazi, bila hata leso ya kujifunika. Wasiokujua wasome mpaka chini, kwa sababu mwaka mzima nyumba yetu imehangaika na neno hilo moja.

Ulizaliwa Makongeni, kwenye zile nyumba za reli, binti wa Phares aliyekuwa fundi wa breki za mabehewa, na Selpher aliyefuma vitambaa vya makochi mpaka majirani wakakosa pa kuvitandika. Phelister alikuwa na miaka tisa na wewe sita, mama yenu alipopelekwa hospitali akiwa na homa, asirudi.

"Mama ameenda ushago," baba yenu akawaambia.

Ubaya wa uongo huo ni kwamba nusu yake ni kweli. Watu wa kwetu wakifia Nairobi hupelekwa ushago, huko mashambani kwao, wakazikwe. Kwa hiyo mama yenu alienda kweli. Kitu ambacho hakuna aliyewaambia ni kwamba alienda akiwa ndani ya sanduku. Nyinyi mliachwa kwa jirani mkila uji na kungojea zawadi ya miwa.

Mlingoja. Kila Jumapili ulikata kipande cha chapati yako, ukakifunga kwa karatasi, ukakiweka chini ya godoro kiwe cha mama akirudi. Vikaota ukungu mmoja baada ya mwingine. Ulipokuwa na miaka minane, mkiruka kamba na wasichana wa mtaani, mmoja aliyeshindwa zamu yake akawatolea macho: "Nyinyi mnaringa na mama gani? Mama yenu alizikwa kitambo. Hata nyasi imeota juu yake!"

Phelister alimrukia akamng'oa nywele za mbele. Wewe ulikaa chini vumbini palepale, ukavua viatu, ukavipanga kando yako kama mtu aliyefika mahali. Hukulia. Watu wakikuuliza baadaye, kwenye mikutano ya waandishi, ulianzaje kuandikia watoto, uliwapa majibu ya adabu. Sisi tunajua ulianzia pale kwenye kamba.

Hukuwa mtu wa madaraka. Ulifanya kibarua Industrial Area ukipanga mishumaa kwenye makatoni, ukirudi jioni na nta kwenye kucha na kichwa kimejaa fisi wanaoongea. Phelister alikuwa amefungua saluni Huruma, chumba kimoja chini ya gorofa tunayokaa, na hapo ndipo ulipopata chuo chako. Kila Jumamosi palijaa wanawake wa kusukwa, na kila mwanamke alikuja na mtoto wake wa kungoja.

"Mtoto anayengoja mama asukwe hana raha na hana pa kwenda," ulikuwa ukisema. "Huyo akinyamaza, hadithi iko hai. Akiomba kwenda choo, hadithi imekufa, izikeni."

Ukawa unawasomea karatasi zako, penseli imechomekwa nyweleni. Mtoto akijikuna, unakata mstari. Akipiga miayo, unakata ukurasa. Wanawake nao hawakukubali kuachwa nyuma. Warigia, yule mteja wetu wa tangu zamani, alikaa siku moja nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio, akakupazia sauti kwa jina la binti yako: "Mama Eve, huyo fisi muue basi! Ametusumbua tangu saa nne."

"Warigia, hii ni ya watoto. Wewe ni mtoto?"

"Na hiki kichwa unaona ni cha mtu mzima?"

Fisi alikufa Jumamosi hiyohiyo, na kitabu kikawa kizuri zaidi. Hukujiona bora kuliko mteja, hata siku moja. Ila ulikuwa mpishi mbaya, wacha tuseme ukweli maana leo ni siku ya ukweli. Maharagwe yako yalilia kwenye sahani kama kokoto. Na ulikuwa ukitoa vitu ovyo: sweta, sufuria, viatu vya Phelister, mtu yeyote akigonga mlango akiwa na uso mrefu.

Halafu ukaandika *Begi la Awiti*. Kijitabu chembamba. Msichana anaambiwa nyanya yake ameenda ushago, naye kila siku anatia kitu kimoja kwenye begi ili amfuate: kijiko, kandambili, mkufu wa shanga. Mwishoni babu yake anavitoa kimoja kimoja, anavipanga juu ya meza, kisha anamwambia: "Nyanya hakwenda ushago. Nyanya amekufa. Njoo nikushike."

Mhariri wako, bwana Munene, mtu mpole wa tai, alikuja mwenyewe saluni kukubembeleza. Wanawake wakamsogezea kiti kati ya madraya ya kukaushia nywele, wakanyamaza ili wasipitwe na neno.

"Mama Eve, hatuwezi kusema 'amelala'?"

"Mtoto akiambiwa nyanya alilala akazikwa, usiku utakuja kumlaza wewe?"

"Basi 'amepumzika'. Watoto wataogopa."

"Watoto wa wapi, bwana Munene? Hawa wa kwetu hubeba maua mbele ya jeneza wakiwa na sare za shule. Wanachoogopa ni nyinyi wakubwa mkinong'ona."

Munene akapangusa paji la uso. Phelister akamwinamia na mkasi. "Bwana Munene, na hizo nywele za masikioni nizipunguze ukiendelea kufikiria?" Saluni nzima ikacheka mpaka draya moja ikazimika. Munene akaondoka na neno likabaki.

Likabaki, likashinda. Ulipopewa tuzo ya kitabu bora cha watoto mwaka ule, kwenye ukumbi wenye mazulia, ulipanda jukwaani na viatu vya Phelister vilivyojazwa tishu mbele, ukasema maneno machache tu: "Hiki ni cha watoto walioambiwa wangoje. Msingoje." Ukashuka. Kile kinyago cha shaba walichokupa kilikuja kuwa kizuizi cha mlango wa saluni upepo wa vumbi ukivuma, na wateja wakakitundikia mikoba. Ulipenda hivyo. Shule za Dandora, Kayole na Mathare zilikuita, ukaenda zote, ukatia sahihi mpaka kwenye plasta ya mkono wa mtoto aliyevunjika akidandia mti. Ukaandika vingine baada ya hicho, na kila kimoja kilipita mbele ya watoto wa kungoja.

Eve wako alizaliwa katikati ya hayo yote. Baba yake, Sylvance, yeye hakufa. Alihamia Pipeline, mtaa wa hapa hapa Nairobi, na kwa vile alivyopotelea huko, Pipeline ni mbali kuliko kaburi. Ulimlea mtoto kwenye kona ya saluni, juu ya mto wa viti, akizijua hadithi zako kabla hazijaandikwa. Ukikosea neno, alikusahihisha.

Kisha figo zikachoka. Hatutasema mengi, maana wewe mwenyewe hukutaka. Miezi ya kufungwa kwenye mashine, uso umevimba, midomo imekauka, na bado ukimuuliza Phelister mambo ya mtaani: nani kaachika, nani kahamia, nani anadanganya ana mimba. Ulikufa Jumanne asubuhi, kabla ya Pasaka ya mwaka jana, wodi ikiwa inapigwa deki. Mwanamke wa deki alimwambia Phelister ainue miguu. Akainua. Alipoishusha ulikuwa umekwisha.

Neno lile alilibeba njia nzima kutoka hospitali, mdomoni kama peremende, ili asiliangushe. Yeye ndiye aliyesikia *Begi la Awiti* likisomwa mpaka akalijua kwa moyo. Yeye ndiye aliyemtoa Munene jasho. Akapanda ngazi mpaka kwa Koki, jirani wa mlango wa pili anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe, alikokuwa ameachwa Eve. Mtoto alikuwa na sare, kijiko mkononi.

"Anti, Mama ameamka?"

Phelister akafungua mdomo. "Mama ameenda ushago."

Koki aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akamvuta kwenye korido kwa mkono. "Phelister! Wewe? Wewe mwenyewe?"

"Limetoka lenyewe, Koki."

"Basi lirudishe."

"Kesho."

Kesho kulikuwa na kamati ya mazishi. Kesho kutwa kulikuwa na sanduku la kuchagua. Jioni ya maombi, pasta alisimama sebuleni akanyanyua mikono: "Dada Amondi hakutoka bure! Amepandishwa cheo!" Sote tukaitikia amina, na Eve alikuwa kwenye korido na watoto wenzake. Siku ya kusafiri aliachwa kwa Koki, kwa sababu ya mtihani, kwa sababu ya baridi ya safari, kwa sababu watoto huachwa. Tukakupeleka Ugenya, tukakuzika upande wa nje wa ua, vile mila inataka kwa binti ambaye hakuolewa, Phelister akigombana na wazee mpaka koo likakauka. Tukarudi na miwa.

Ndiyo, Amondi. Miwa.

Na hapa tuwape watu wa mtaa haki yao. Huruma hii isiyoweza kuficha mimba ya wiki mbili, ilificha kifo chako karibu mwaka mzima. Kila aliyeingia saluni alishusha sauti. Kila mama alimfinya mwanawe asije akaropoka. Walifanya kwa kukupenda, na kwa kumwogopa Phelister.

Eve alitayarisha begi lake kama Awiti. Likakaa mlangoni. Akauliza mbona hupigi simu, akaambiwa ushago hakuna netiweki. Likizo ya Agosti akataka kupelekwa, akaambiwa barabara imekatwa na mvua. Akauliza kama babu yake Phares, aliyestaafia huko, naye hana simu, akaambiwa babu ni mgonjwa na wewe ndiye unayemtunza. Uongo ni kama viroboto, ukileta mmoja hulali tena peke yako. Desemba hakuuliza. Alilifungua begi mwenyewe, akarudisha kila kitu mahali pake, akalitupa juu ya kabati. Phelister akafurahi. Akamwambia Koki, "Ameshazoea."

Mwezi wa kwanza mwalimu mgeni alimwita Phelister shuleni. Eve alikuwa amempiga mwenzake kwa sahani. Walikuwa wameambiwa wasimulie kuhusu mama zao, na zamu yake ilipofika alisimama akasema: "Mama yangu alipandishwa cheo akanitoroka. Anakaa ushago. Hanipendi na mimi simpendi." Mwenzake akacheka.

Mwalimu akavuta kiti karibu. "Pole kuuliza, mama. Dadako aliolewa huko?"

Phelister alirudi kwa miguu, jua lote lile. Alikuwa amedhani amemkinga mtoto na kifo. Sasa akaona alichomfanyia marehemu. Wewe, uliyetoka kwenye mashine ukiwa huwezi kusimama na bado ukamchana Eve nywele kwa mkono mmoja, alikuwa amekugeuza mtoro. Alikuwa amekuweka benchi moja na Sylvance. Na ikibaki hivyo, mtoto atakua akikuchukia, akuchukie mpaka azeeke, na wewe huna mdomo wa kujitetea.

Aliwauliza wanawake wa saluni amwambieje. Kila mmoja alikuwa na lake.

"Mwambie amelala."

"Na akiogopa kulala?"

"Mwambie ni malaika, anamwona kutoka juu."

"Ndiyo aulize mbona anaangalia tu, hashuki?"

Warigia ndiye aliyelitupa lile gumu. "Phelister, kuna watoto hapa mtaani, na kamba zipo. Usipomwambia wewe, ataambiwa akiruka."

Jumamosi iliyofuata Phelister akakitoa *Begi la Awiti* kwenye msumari kilipokuwa kimetundikwa tangu ufe. Watoto wa kungoja wakasogea. Walikuwa wamekosa kusomewa karibu mwaka. Eve hakusogea. Alikaa pembeni ametupa mgongo, akipanga rola za nywele kwa rangi. "Huyo alienda," akasema bila kugeuka. "Wacha aende na vitabu vyake."

Phelister si msomaji. Shule aliiachia darasa la saba ili wewe uendelee, na husoma kwa kidole kama anayetafuta chawa. Alisoma kijiko. Akasoma kandambili. Akasoma mkufu wa shanga. Watoto hawakujikuna. Akafika pale babu anapovitoa vitu kwenye begi, akaona lile neno linamjia kutoka mwisho wa mstari. Akageuza kurasa mbili kwa pamoja. "Na Awiti akamkumbatia babu yake. Mwisho."

Rola zikanyamaza.

"Umeruka," Eve akasema.

"Nimeruka nini?"

"Umeruka. Pale babu anasema."

"Anasema nini, Eve?"

"Wewe ndiye una kitabu."

Koki alikuwa mlangoni na githeri. Warigia alinyoosha mkono akazima draya. Phelister akarudisha kurasa, akaweka kidole, akasoma. "Nyanya hakwenda ushago. Nyanya amekufa. Njoo nikushike." Kisha akakifunga kitabu, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa humo. "Na Mama hakwenda ushago, Eve. Mama amekufa."

Eve akageuka. Rola ya kijani ilikuwa mkononi. "Lini?"

"Kabla ya Pasaka. Siku ile nilikukuta ukila kwa Koki."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Mtoto akafikiria. Tuliokuwepo tulimwona akirudi nyuma moyoni mwake, Agosti, Desemba, begi, simu isiyolia. "Kwa hivyo hakuniacha."

"Hakukuacha, mama. Alikufa."

Tungependa kukuambia kwamba alimkimbilia akamkumbatia, kama kwenye kitabu chako. Hakumkimbilia. Alilia sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwa mtoto, sauti ya chini, na Phelister alipomshika alimuuma kiganja mpaka damu ikatoka. Phelister hakuuvuta mkono. Wanawake walivaa leso zao wakaondoka mmoja mmoja, vichwa nusu vimesukwa nusu havijasukwa, na hakuna aliyedai amaliziwe siku hiyo.

Wiki nyingi hakumsemesha shangazi yake ila kwa lazima. Mpaka leo Phelister hawezi kwenda sokoni bila kesi. "Unaenda wapi?" Gikomba. "Gikomba kweli?" Kweli. Na lazima aache kitu chake cha maana, mkasi au kiatu kimoja, ndipo mtoto amwachilie mlango. Wateja wamemzoea akichechemea Gikomba na viatu visivyofanana. Wakimtania hucheka, maana ni yule yule Phelister wako, lakini usiku tunamsikia akizunguka.

Siku moja Eve akasema, "Nataka kuona."

Tulimpeleka wiki iliyopita. Begi alilipakia mwenyewe, na safari hii hatukumwuliza ametia nini.

Baba yenu, mzee Phares, alitungoja kwenye lango na mkongojo. Amezeeka, Amondi, shati ulilomnunulia linampwaya. Alituongoza kwanza hadi kaburi la Selpher, ndani ya ua, akasimama hapo muda mrefu akichokoa udongo kwa fimbo. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mama yako alikufa, Phelister."

"Baba, mimi ni mtu mzima. Najua."

"Najua unajua. Ni mimi ambaye sijawahi kulisema." Akachokoa tena. "Vile vipande vya chapati, vya chini ya godoro. Niliviona nikiua kunguni. Nikavifunga tena na karatasi zake, nikavirudisha. Ningevitupa, mngejua."

Phelister akamsogelea. Alimshika mzee kiwiko, wakasimama hivyo.

Eve hakuwangoja. Alikuwa ameshazunguka ua, ameliona lako, lenye msalaba wa mbao na jina lililoandikwa kwa rangi. Tulimkuta amepiga magoti kwenye saruji. Akaokota jiwe. Akabisha hodi, ngo ngo ngo, kama anavyobisha kwa Koki. Akainamisha sikio. Akangoja. Akabisha tena, kwa nguvu zaidi, akangoja tena, zaidi ya mara ya kwanza.

Akaliweka jiwe chini, akamwinulia Phelister uso.

"Ni kweli," akasema.

Hilo lilikuwa neno la kwanza la shangazi yake aliloliamini tangu ufe. Ndipo akafungua begi. Ndani mlikuwa na kitana chako, bado kina nywele zako, na kijiko kile alichokuwa nacho kwa Koki. Hakuviacha kaburini. Alivitoa, akavipanga juu ya saruji kimoja kimoja, akavitazama, akavirudisha ndani, akafunga zipu. Tukarudi naye Nairobi. Miwa aliikataa.

Saluni inafunguliwa Jumamosi kama kawaida. Kinyago chako kingali kinashikilia mlango. Bwana Munene alipiga simu kuuliza kama kuna karatasi ulizoacha, Phelister akamwambia zipo, lakini zitapita kwanza mbele ya watoto wa kungoja, na aje na masikio yamenyolewa. Atakayezisoma ni Eve. Phelister huruka.

Unakumbukwa na baba yako mzee Phares, aliyelisema hatimaye. Na dadako Phelister, mwenye alama ya meno kiganjani. Na binti yako Eve, ambaye amekurudishia mapenzi yako yote na machozi juu yake. Na Koki wa mlango wa pili, ambaye si damu lakini aliacha githeri iungue. Na Warigia na vichwa vyote vya Jumamosi.

Hukwenda ushago, Amondi, na hukutuacha. Ulikufa. Sisi ndio tuliobaki, na maadamu tuna midomo tutakutaja, wala hatutanong'ona.